Lenzi Pana ya Ebel

Kwa miaka kumi na moja Tjitske alichora nyota zake akichungulia darubini ya Ebel. Sasa ilikuwa Jumamosi ya tatu anachorea kwenye darubini ya Rikus. Ebel hakuwa na kinyongo. Alishamwambia hivyo dada yake, muuza mikate, na hata mleta barua ambaye hakuuliza.

Rikus alikuwa daktari wa meno, mgeni kijijini tangu Septemba. Darubini yake haikuwa kubwa kuliko ya Ebel. Alichowazidi wote ni lenzi ya jichoni, ile ya kuchungulia: ilikuwa pana. Ya Ebel ilikuwa kama kutazama dunia kupitia tundu la ufunguo. Ya Rikus, kama mtu kakufungulia mlango.

"Njoo uone, mzee," Rikus alimwita, uwanjani nyuma ya banda la watelezaji barafu, ambako watazama nyota wa kijiji hukutana kila Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari, giza tayari, na supu nzito ya njegere inapita mkono kwa mkono. "Kilimia chote kimo humu."

Ebel aliinama akiomba kisiwemo. Kilikuwemo, nyota zote, na nafasi ya kuegesha trekta ikabaki.

"Ingeweza kuwa mbaya zaidi," alisema. Kwa mtu wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, hakuna sifa inayopita hiyo, na ilimkwaruza koo ikitoka.

Tjitske hakuinua hata uso kutoka kwenye karatasi yake. Hilo ndilo lililomnyima Ebel usingizi.

Jumatatu alikuwa dukani mjini. Muuzaji alimpangia lenzi tatu mezani. Angekwenda nazo nyumbani, azijaribu, arudishe mbili.

"Chukua ya kati," muuzaji alishauri. "Upana wa nyuzi themanini na mbili. Inaitosha kabisa darubini yako."

"Rikus anayo hiyo hiyo."

"Rikus ni nani?"

"Si mtu. Hii kubwa je?"

"Nyuzi mia. Lakini ina kilo nzima, bwana. Ukiibandika pale ubavuni karibu na mdomo, darubini yako itainamisha pua."

"Darubini yangu ina adabu," alisema Ebel.

Jumamosi iliyofuata alimwendea Tjitske kabla hajafungua kiti chake cha kukunja. "Nina lenzi za kuchagua. Macho yangu ya fundi breki, siyaamini. Nisaidie."

"Umeanza lini kutoyaamini?"

"Leo."

Alikuja. Ebel alianza na ndogo, akapita haraka. Ya kati Tjitske aliisifu, kwa hiyo Ebel akaing'oa upesi. Kisha akaibandika kubwa, nene kama chupa ya maziwa, akaielekeza Kilimia, akaachia. Darubini ikafikiri kidogo, kisha ikashusha pua polepole mpaka ikawa inatazama zizi la kondoo.

"Kilimia kimeota sufu," alisema Tjitske.

Ebel alizunguka nyuma, akapiga magoti kwenye nyasi zenye barafu, akaukamata mkia wa darubini na kuurudisha chini. "Tazama sasa."

Tjitske alitazama. Ebel akasikia penseli ikianza kukwaruza karatasi. Moyo wake ulipanda, na kwa kuwa ulikuwa umepanda, ukasema upuuzi.

"Kwa nini ulinihama?"

"Sijakuhama. Nimehamisha miguu." Penseli iliendelea. "Lenzi yako ile nyembamba, nyota zinakimbia na kupotea, na kila dakika mbili unakuja kuisukuma darubini. Na kila ukisukuma, unanikanyaga. Miaka kumi na moja, Ebel. Kidole kidogo hakina ukucha. Kwa Rikus nyota zinakaa, na mimi nachora peke yangu."

Ebel aliendelea kuushika mkia pale chini. Yeye kule kusukuma alidhani ni heshima yake. Alidhani wanachora wawili. Kumbe lenzi pana ndiyo inayomfuta kazi, na ameileta kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo Rikus akaja na kikombe cha supu, mwema kama kawaida yake, jambo ambalo Ebel hakuwahi kumsamehe.

"Mzee, magoti yako! Ninayo sumaku ya ziada, nzito. Ibandike mkiani, darubini itasimama yenyewe."

"Haitashika," Ebel alisema haraka. "Mkia wangu wa mbao."

"Ni chuma," alisema Tjitske, jicho likiwa bado kwenye lenzi.

Rikus alimnyooshea Ebel sumaku. Ebel hakuwa na mkono wa kuipokea, wala hakutafuta.

"Rikus, mpe supu," Tjitske alisema. "Sumaku rudisha garini. Huko mkiani hawezi kunikanyaga. Ebel, inua kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo."

Ebel alishika hapo, magoti yakiloa, na moyoni akawa ameshachagua lenzi ya kubaki nayo.