Rangi Chini ya Pikapu

Msimu mzima wa mvua, mwaka ule wa tisini na tisa, Gratien alikaa nyumbani mguu ukiwa kwenye plasta, akisikiliza pikapu yake ikiondoka kila asubuhi bila yeye. Aliyeiendesha ni Bizimana, jirani yao pale mtaani Nengo, kijana asiye na mke, mwepesi wa kucheka. Pembeni yake aliketi Illuminée, mke wa Gratien na mama wa mtoto wao Belyse, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Walipakia samaki ufukweni, wakawapeleka soko la Busasamana, wakarudi jioni. Na kila jioni Gratien alitega sikio toka ndani asikie mlango wa gari, akipima kama umekawia kufunguliwa.

Siku plasta ilipotolewa hakungoja hata chai. Alijikokota hadi uani, akalala chali chini ya pikapu kuikagua, pale tairi la akiba linaponing'inia kwa mnyororo. Alijua atakachokuta. Maji ya samaki hudondoka kupitia matundu ya bodi, na rimu lile lilikuwa limevimba kutu miaka mingi. Hakuwahi kulishughulikia. Nani hutazama chini ya gari?

Sasa mtu alikuwa ametazama. Kutu ilikuwa imekwanguliwa mpaka kwenye chuma. Rimu lilipakwa rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya fedha, laini, bila michirizi. Mnyororo uling'aa kwa grisi. Juu ya tairi kulifungwa kipande cha tyubu kuukuu, ili maji ya samaki yapite pembeni.

Gratien alibaki amelala pale chini. Mtu hafanyi kazi namna ile kwa gari la mwenzake. Labda kwa mke wa mwenzake.

Alimuuliza Illuminée, kwa sauti ya mtu asiyejali, nani alipaka rangi lile tairi. Illuminée alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama kidogo.

"Bizimana," akasema. "Alikuwa na nafasi."

Kule kusimama kwa kisu ndiko kulikomtafuna. Alirudi kuendesha, lakini Bizimana alikuwa kila mahali ndani ya gari: kiti kimesukumwa nyuma kwa miguu yake mirefu, kioo kimegeuzwa kwa macho yake. Alimuuliza mkewe walikuwa wakiongea nini njiani. Bei ya samaki, akajibiwa. Safari yote ile, bei ya samaki tu? Asubuhi moja, kwa hasira, aling'oa ile tyubu akaitupa, maji yadondoke kama zamani. Kesho yake akakuta nyingine imefungwa, nzima kuliko ya kwanza.

Basi kijana anaingia mpaka uani kwangu, akawaza, nami nimo ndani. Akawasha gari hadi Grande Barrière, kwenye kivuko cha mpaka, alipomkuta Bizimana akingoja mizigo ya watu wanaovuka kutoka Goma.

"Bizimana, acha gari yangu," akamwambia. "Na muke wangu pia."

Bizimana alisogelea dirisha la pikapu.

"Gari yako sijaigusa tangu upone," akasema. "Ile kazi ya kutu ni ya Mama Belyse mwenyewe. Mi nilimuonesha tu namna ya kushusha tairi. Kukwangua, kupaka rangi, yote ni yeye. Aliniomba nisikuambie."

"Juu ya nini?" Gratien akauliza sababu.

"Bon, hiyo umuulize yeye."

Gratien aliendesha kurudi Nengo akitegemea kupata nafuu. Nafuu ilikuja, lakini wivu haukuondoka, ulihama tu. Sasa aliionea wivu mikono ya mkewe, iliyolijua gari lake mahali ambapo yeye hakuwahi kupagusa.

Illuminée hakukana. Alimsimulia kwamba tairi lilipasuka njiani kwenda Busasamana, na lile la akiba likagoma kushuka kwa kutu. Walikwama juani mpaka samaki wakaoza wote. Hapo ndipo alipoamua kutu haitamfanyia vile tena.

"Na jina la Bizimana ulilitia kwa nini?"

"Ningesema ni mi, ungesema mwanamuke anakuharibia gari. Nikaona kazi ya mwanaume itakupita tu bila maneno, Baba Belyse."

"Haikunipita."

Illuminée alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha, kwa kuwa mambo yalishafunguka, akamwambia na hili: anataka kujifunza kuendesha, na Bizimana amekubali kumfundisha.

"Bizimana hapana," Gratien akasema upesi. Akajisikia alivyoropoka. "Nitakufundisha mi."

"Kesho?"

"Kesho."

Asubuhi Illuminée alishika usukani, pikapu ikaruka, ikazima, ikawaka tena. Walipofika barabarani Bizimana alikuwa anapita kwa miguu, akawapungia. Illuminée akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akampungia pia.

Gratien alimwambia aangalie barabara.