Tabasamu la Meneja wa Maji

Asubuhi hiyo mtandao wa kijamii ulibadilisha namna ya kuonyesha viungo vya habari. Kichwa cha habari kiliondolewa, ikabaki picha, na jina la tovuti kwa herufi ndogo pembeni. Mhariri wa tovuti moja ya habari hakujua hadi alipopigiwa simu na shemeji yake, meneja wa maji wa mji.

"Shem, asante! Watu wananipongeza tangu saa mbili."

"Kwa lipi?"

"Si hiyo habari yako! Nimeirusha kwenye makundi yote."

Mhariri alifungua ukurasa. Habari yake ilieleza kwamba vipimo viwili vya maabara vimekuta bakteria wa kinyesi katika kisima cha tatu, na kwamba wakazi wa mitaa minne wasinywe maji hayo bila kuyachemsha. Mtandaoni alionekana meneja tu, tabasamu hadi masikioni, akinywa glasi ya maji siku ya uzinduzi wa kisima. Maoni yalikuwa mia mbili na kumi. "Hongera mkuu!" "Maji safi, kazi safi." Waliofungua kiungo walikuwa kumi na tisa.

"Tuifute?" aliuliza msanifu wa kurasa.

"Tukiifuta, hao mia mbili wataendelea kunywa. Andika juu ya picha: KISIMA CHA TATU KINA BAKTERIA. CHEMSHA MAJI. Chini weka tarehe ya picha."

Msanifu aligeuka na kiti chake. Kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa marufuku kuandika neno juu ya picha katika chumba kile, na aliyepiga marufuku ni mhariri.

"Bosi, ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Kuza herufi. Bado naliona tabasamu."

Kiungo huvuta picha kutoka kwenye tovuti; ikibadilishwa huko, hubadilika kote. Kabla ya saa sita, onyo lilikuwa limeingia kila mahali kiungo kilipotumwa, hata kwenye makundi ya meneja, chini ya jina lake.

Simu ikaita.

"Shem, umeniua! Rudisha ile picha nzuri."

"Ni hiyohiyo."

"Toa maneno basi! Sisi si ndugu?"

"Siyatoi. Kuna kosa lolote kwenye vipimo?"

"Basi nafuta nilichotuma."

"Futa, shem. Mimi natuma tena kila saa. Na dada yangu hapo kwako umeshamwambia achemshe?"

Meneja alikata simu. Mhariri akampigia dada yake.