Sakafu Ishuke

Maduhu alichimba dhahabu Mwakitolyo miaka kumi na moja, mpaka akapata ya kujenga nyumba Segese. Nyumba ilikamilika yote isipokuwa taa ya sebuleni. Mkewe, Paskazia, hakutaka balbu. Alitaka taa ya kuning'inia yenye vioo vingi, kama ile aliyoiona kwenye ukumbi wa harusi Kahama.

Maduhu akaenda Mwanza, akarudi nayo kwenye pikapu, imezungushiwa magodoro. Ilimzidi kimo.

Pantaleo, fundi umeme, alishinda kutwa akiikaza kwenye kenchi za paa. Alipoiachia, ncha yake ya chini ilisimama usawa wa goti. Ilijaza sebule kama ng'ombe aliyeingia kwa bahati mbaya.

"Irudishe dukani," Pantaleo alishauri.

"Hawapokei."

"Basi tupandishe dari."

"Na bati likae wapi?" Maduhu aliizunguka ile taa mara tatu, kisha akatazama vigae. "Sakafu ishuke."

"Ishuke iende wapi, Baba Loveness?" Paskazia aliuliza.

"Chini."

Kesho yake aliivika taa mashuka, akaacha kingo pembeni ili msingi usiguswe, akaanza kupiga sururu. Segese, sururu ikisikika ndani ya nyumba ya mchimbaji, watu huelewa jambo moja tu. Kufikia saa sita walikuwapo watu arobaini mlangoni, na viroba na makarai.

"Nachimba kwa ajili ya taa," Maduhu aliwaambia.

Walicheka sana. Mzee Ndaki, mchimbaji wa zamani, akamshika bega. "Mwanangu, mimi nilipopata nilisema nachimba choo."

Wakaomba udongo tu. Maduhu, ambaye hakujua ataumwaga wapi, akakubali kwa furaha. Halafu akaenda Kahama kutafuta vigae vipya, akakaa siku mbili.

Aliporudi alikuta shimo la mita nne, limefungwa matimba, magogo ya kuzuia kuta, vizuri kabisa, na watu wanapandisha viroba kwa kamba.

"Kwa nini hukuwazuia?" alimuuliza mkewe.

"Niliwazuia. Walinisalimu, 'Mwangaluka, mayu,' wakashuka."

Dhahabu haikupatikana hata ya kuziba jino. Na taa sasa ilikuwa juu mno. Aliyesimama chini aliiona kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoona mbingu.

Maduhu aliketi ukingoni, miguu ikining'inia. "Sisi hatukufanya sherehe," alisema taratibu. "Tulifunga ndoa asubuhi, mchana nikarudi shimoni. Nilitaka ukae chini ya taa hiyo hata mara moja, watu wakuone."

Paskazia alitoka nje, akasimama barabarani na kanga yake kiunoni, akaita kwa sauti iliyofika sokoni: "Kila aliyechukua udongo wangu aurudishe!"

Waliurudisha. Ulikuwa umesagwa na kuoshwa, laini kama unga, na kila mmoja alinung'unika kwamba anadaiwa mwingi kuliko aliochukua. Mzee Ndaki alileta hata wa kwake wa zamani, wa lile shimo la "choo", kwa aibu. Wakashindilia wiki nzima, mpaka sebule ikabaki na ngazi saba tu za kushukia. Pantaleo akatandaza vigae.

Jumapili baada ya misa wageni walijaa. Madirisha yalikuwa juu ya vichwa vyao, hivyo hawakuona nje chochote ila mawingu. Paskazia alikaa katikati ya kochi, amevaa gauni la kitenge kipya, mikono mapajani.

"Washa," alisema.

Swichi ilikuwa imebaki juu, karibu na mlango. Maduhu akapanda ngazi saba, akawasha. Vioo vyote vikawaka mchana kweupe, wageni wakapiga vigelegele. Akashuka, akaketi ubavuni mwa mkewe.

Paskazia alikuwa na machozi. "Nzuri sana," alinong'ona. "Ila inachoma macho. Kazime kidogo."

Maduhu akainuka, akapanda tena.