Kamba ya Kichwani

Farasi alirudi peke yake saa ya chai, matope hadi tumboni, tandiko limekwenda upande. Seonaid alikuwa amefika asubuhi kutoka mjini Inverness kumtembelea baba yake, Murdo, na supu ya shayiri ilikuwa jikoni ikimngoja mzee. Alimwona farasi dirishani, akajua. Wanaume walimkuta Murdo mlimani, kando ya kijito, amelala kifudifudi. Daktari alisema ni moyo.

Murdo alikuwa mlinzi wa kulungu katika milki ya Ardvannoch tangu ujana.

Siku ya mazishi bonde lilipendeza hadi likakera. Jua liling'aa ziwani, milima yote zambarau kwa maua, na wageni waliokuja kutalii walikuwa wakilipiga picha jumba la mwenye milki. Kule jeneza huteremshwa kwa kamba, na kamba ya kichwani hushikwa na aliye wa karibu kuliko wote. Lakini wanawake wa bonde lile hubaki nyumbani kuandaa chai, na Murdo hakuwa na mtoto wa kiume.

Seonaid alikwenda kaburini, amevaa koti la baba yake. Akamkuta Crichton, msimamizi wa milki, ameshaishika kamba ya kichwani.

"Hiyo ni yangu."

"Pole sana, dada. Mwenye milki yuko London. Nashika kwa niaba yake."

"Kwa niaba? Baba yangu hakufa kwa niaba ya mtu."

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Tormod, aliyepanda mlima na Murdo miaka yote, alikuwa ameshika kamba ya miguuni.

"Mpe, Crichton," alisema. "Wewe hata mbwa wa Murdo hakukupenda."

"Lakini desturi..."

"Mpe, bwana! Kwa mikono laini hiyo utamwangusha."

Crichton akampa.

Jeneza lilikuwa zito kuliko Seonaid alivyodhani. Wanaume waliteremsha, yeye hakuteremsha. Likainama, miguu chini, kichwa juu.

"Legeza, mwanangu," Tormod alisema. "Wote tumemshika. Pole pole."

"Nikilegeza, ndiyo basi."

"Ndiyo. Basi."

Akalegeza.

Nyumba ya Murdo ilikuwa ya milki; sasa anakaa humo mlinzi mpya na mkewe. Farasi ni yule yule. Seonaid akienda kaburini, hupitia lango la wageni.