Mgonjwa Mmoja Aliyebaki

"Nina mwanafunzi hapa," Jolene, muuguzi anayenisimamia, huwaambia wagonjwa. "Anasomea shahada ya udaktari katika uuguzi wa familia. Aingie?"

Mimi nasimama kwenye korido ya zahanati, nyuma ya mlango mwembamba kama kadibodi, nasikia yote. Mgonjwa akikataa, siingii.

"Nani huyo?"

"Marlys, binti wa Emil Kucera."

"Aa, huyo hapana. Nilimbadilisha nepi huyo, leo anikague mgongo?"

Wanacheka, Jolene naye anacheka, mimi nahesabu vigae vya sakafu. Ningekuwa mgeni kutoka jiji la Omaha wangenivulia mashati bila kuulizwa mara mbili. Kosa langu ni kurudi kufanyia mazoezi ya kazi kwetu, kwenye kaunti yenye ng'ombe wengi kuliko watu, nikidhani kufahamika ni faida. Nilijidanganya vizuri sana.

Darasa lenyewe liko kwenye kompyuta. Miaka mitatu sasa wenzangu ni vichwa tu kwenye kioo, na hakuna hata mmoja niliyewahi kunywa naye kahawa. Nina miaka arobaini na minne. Zipo siku ambazo jina langu hulitaja mtu mmoja tu, mimi mwenyewe, nikijitambulisha kwenye simu. Upweke unauma, sitaki kuupamba.

Kufikia Ijumaa ile, kati ya wagonjwa ambao kozi inanidai niwapime, nilikuwa nimebakiza mmoja tu, wa zaidi ya miaka sabini. Mwisho ulikuwa saa sita mchana. Nikimkosa, kozi nairudia mwaka mzima. Asubuhi walikuja wazee wanne, na wote wanne wakanikataa.

Saa tano na nusu nikamsikia Jolene akiuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini. Mwanamume akajibu, "Mwache aingie. Ndicho kilichonileta."

Nikaingia haraka. Alikuwa baba, amevaa koti lake la kanisani, kofia magotini. Tangu tumzike mama, miaka sita iliyopita, tulikuwa tukipungiana mikono tu kwenye kituo cha mafuta.

"Wazee kule tunakonywea kahawa wanajisifu eti wamekukatalia," akasema. "Wapumbavu wale. Nina miaka sabini na sita. Nafaa?"

Nikamtazama Jolene. Akatikisa kichwa polepole. Ndugu wa damu hahesabiwi, imeandikwa ukurasa wa kwanza wa kanuni za kozi. Nilitaka nikae chini nilie.

"Unafaa, baba," nikasema. "Vua koti."

Nikamsikiliza moyo na mapafu, nikamgonga magoti. Amekonda. Mkanda wake una tundu jipya, kalitoboa mwenyewe kwa msumari. Nikamuuliza anakula na nani.

"Hilo nalo ni swali la moyo?"

"Ndiyo."

"Basi andika, hakuna."

Nikaandika, ingawa karatasi ile haikuwa ya kupelekwa popote.

Alipokuwa akifunga vifungo akauliza, "Sasa umemaliza? Watakuita daktari?"

"Nimemaliza, baba."

Akatoa simu palepale, akawapigia wazee wa kahawa, akawatangazia kwamba binti yake amefuzu na wamwombe radhi. Saa ya ukutani ilikuwa sita na dakika kumi. Jolene akaenda kufunga mlango, nami nikamwacha baba aseme mpaka achoke.