Mkubwa Akinawa

Kasimiri alitoka hospitali ya mjini na maneno mengi, na hakuna hata moja lililomkaa vizuri kichwani. Eti ana ugonjwa wa sukari. Sukari ipi? Miaka ile ya foleni, sukari ilipokuwa haionekani, alikuwa mzima wa afya. Sasa biashara imefunguliwa, maduka ya mtaa wa Kizwite yamefurika sukari, na yeye kwa ubahili wake bado anatia chumvi kwenye chai. Halafu ugonjwa umempita mwenye duka, umemwangukia yeye!

"Baba, hata ugali ukifika tumboni unageuka sukari," muuguzi alimwambia. "Kula kipande kama ngumi yako, basi. Shibia mboga na maharage."

"Na ugali wa ulezi?"

"Na wa ulezi pia."

Hapo ndipo alipopotea kabisa. Alikuwa amelima ulezi kijijini kwao Pito tangu ujana wake, hajaona sukari ndani yake. Lakini muuguzi alikuwa ametaja macho na miguu, na Kasimiri aliogopa upofu kuliko kifo. Akaamua kufuata ngumi. Hakumwambia mtu, hata mkewe Monika, maana angewaelezaje jambo asilolielewa mwenyewe?

Tatizo, Kasimiri hakula peke yake. Tangu baba yao afariki, yeye na mdogo wake Beda walikula sinia moja. Leo amepika Monika, kesho Scola, mke wa Beda. Na kwao, mkubwa akinawa, mdogo habaki akitafuna. Kasimiri alikula matonge yake machache, akanawa. Beda, aliyeshinda shambani na jembe, aliutazama ugali uliobaki, akameza mate, akanawa naye.

Ikawa hivyo kila jioni. Beda akaanza kukonda, suruali akaifunga kwa kamba. Kasimiri akachanganyikiwa: mgonjwa ni yeye, mbona anayekwisha ni mdogo wake? Akahisi labda ugonjwa unapita kwenye sinia. Kwa huruma, akazidi kuharakisha na kunawa mapema, asije akamwambukiza zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu nusura kimuumbulie ndugu.

Jioni moja, Kasimiri alipovuta kopo la maji, Beda alimshika mkono.

"Kaka, nimekukosea nini? Tukikaa tu, unanawa. Kama umechoka kula na mimi, sema. Baba hayupo wa kutulazimisha."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kasimiri alisikia uchungu, akayamwaga yote shaghalabaghala: sukari, ngumi, ulezi, macho, ugonjwa unaopita kwenye sinia.

"Sina ugonjwa, kaka," Beda alisema. "Nina njaa."

Kasimiri aliona aibu hadi akainamisha kichwa. Beda akamega kipande cha ugali, akakipima na ngumi ya kaka yake, akakiweka upande wa Kasimiri, kisha akamsogezea maharage na majani ya maboga.

"Hiki chako. Kula taratibu. Na usinawe mpaka nikuambie."

Kasimiri hakuwahi kuamriwa na mdogo wake. Hata sasa hakuelewa sukari iliingiaje kwenye ulezi. Alikimaliza kipande chake, akakaa na vidole vyenye mchuzi, akimtazama Beda anavyokula tonge baada ya tonge, akasubiri ruhusa.