Shahidi wa Natalia

Pantaleo alikuja asubuhi na nyundo mkononi, mvua ikiwa haijakatika.

"Jua likifika utosini naung'oa mlango huu," alisema. "Kuna mchuuzi wa mpunga anakitaka chumba. Ninyi tafuteni pengine."

Natalia alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mkwewe. Homa ilikuwa imemlaza Bibi Eufrasia hata uji akawa ananyweshwa.

"Baba Pantaleo, si mlikubaliana na mume wangu? Kodi yako tutailipa kwa mpunga, tukishavuna."

"Mumeo yuko wapi aje aseme hayo?"

Fulgensi alikuwa Kilosa akikata mkonge, na tangu aondoke hata salamu zake hazijafika. Pantaleo alilijua hilo vizuri.

Natalia alijitanda kanga, akaenda mbio misheni. Sista wa wagonjwa alimsikiliza huku akikunja bandeji. "Mgonjwa mlete, atapata kitanda. Nyumba ya kuwapa sina, mwanangu. Lakini leo jumbe anasikiliza mashauri. Nenda ukamweleze, na utafute shahidi."

Shahidi alikuwa mmoja tu. Brigita, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa akipepeta mchele uani siku Fulgensi na Pantaleo walipopeana mikono. Natalia alimkuta anakaanga vitumbua.

"Dada, twende kwa jumbe. Wewe ulisikia."

Brigita hakuinua macho. "Na mimi nimepanga kwake. Nikifumbua mdomo leo, kesho nyundo iko mlangoni kwangu. Nina watoto, Natalia."

"Na mimi nina mgonjwa."

"Najua," Brigita alisema, akageuza kitumbua kilichokwisha kuungua.

Natalia alikwenda peke yake. Tarishi wa jumbe alimzuia mlangoni: mashauri ya leo yametosha, arudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Mawingu yalikuwa yameanza kupasuka, jua linapanda. Akapiga ukelele kama wa msibani, mpaka watu wote mle ndani wakageuka.

"Nani amekufa?" aliuliza Jumbe Kelestini.

"Hajafa bado! Shikamoo, Bwana Jumbe. Mkwe wangu anang'olewa mlango, naye yuko kitandani hajiwezi!"

Jumbe akamtuma tarishi amlete Pantaleo. Alipofika, nyundo ilikuwa bado mkononi. Bawaba moja alikuwa ameshaing'oa.

"Mapatano hayakuwapo," alisema bila kusita. "Huyo mume amemkimbia mkewe, na mimi sifugi watu."

"Mama, shahidi wako yuko wapi?" jumbe aliuliza.

Natalia alitazama mlangoni. Watu wakaanza kunong'ona, na Pantaleo akageuka kama mtu aliyekwisha ruhusiwa kwenda zake.

"Nipo."

Brigita alikuwa amesimama nyuma ya watu, mtoto mgongoni, unga wa mchele mpaka kwenye viwiko. "Walipeana mikono mbele yangu. Baba Pantaleo alisema, 'Mpunga ni mali, nitasubiri.'"

"Brigita," Pantaleo alisema polepole, "umefikiri unachosema?"

"Nimefikiri njia nzima."

Jumbe hakuchelewa kukata shauri. Natalia akae mpaka avune. Pantaleo airudishe bawaba siku hiyohiyo, tarishi akimsimamia. "Na huyu shahidi," aliongeza, "ukimfukuza kwa ajili ya maneno yake ya leo, utarudi hapa kwangu."

Pantaleo hakumfukuza. Aliacha tu kuitikia salamu zake, akamkataza kukaanga uani. Masika yote Brigita alibandika kikaango chake chumbani mwa Natalia, na moshi ukawatoa machozi wote wawili. Bibi Eufrasia walimbeba kwa machela mpaka misheni. Alirudi akitembea kwa mkongojo, mdogomdogo, akilalamika kwamba uji wa kule hauna chumvi.

Baada ya mavuno Natalia alilipa kodi yote, mpunga safi uliopepetwa. Kisha yeye na Brigita wakahama siku moja. Walikuwa wamepewa na jumbe kiwanja upande wa Mto Lumemo, wakasimamisha nyumba ya miti na udongo, wakaiezeka kwa nyasi kabla nyasi hazijaungua kwa moto wa porini.

Fulgensi aliporudi kiangazi alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha zamani. Pantaleo alimwelekeza kwa kidevu, kule mtoni.